Madoa ya Maji Kwenye Gari la Mayatima



Wasomaji wapenzi, akina mama, akina baba na vijana wetu, huenda mkashangaa kumwona mwalimu wa madrasa akiwaandikia juu ya madoa meupe ya maji yanayoganda kwenye rangi ya gari. Nina sababu mbili za kuandika. Ya kwanza ni kwamba wengi wetu hapa pwani twaoga, twafua na twaosha vyombo kwa maji ya kisima, na athari yake twaiona kila siku bila kuijua asili yake. Ya pili ni kosa langu mimi mwenyewe. Nalitubia kwa Mola wangu, na nimeona nilieleze hapa ili mwenzangu apate kujihadhari nalo.

Ndugu yangu mkubwa alitangulia mbele ya haki mwaka uliopita, Mwenyezi Mungu amrehemu na amkunjulie kaburi lake. Aliacha mjane na watoto watatu, mkubwa wao akiwa kijana wa miaka 14. Wazazi wetu walikwisha kufariki kabla yake. Aliniusia mimi niwe msimamizi wa mali ya watoto wake mpaka watakapobaleghe na kupata akili ya kuitunza. Mali yenyewe haikuwa nyingi: nyumba waliyomo, akiba kidogo, na gari moja, Toyota nyeusi, alilolipenda na kulitunza kwa mikono yake.

Mjane alikaa eda nyumbani kwake miezi minne na siku kumi, kama sharia ilivyoamuru. Muda huo huo tulikuwa tukishughulikia mirathi kwa Kadhi. Tulishauriana, na yeye akaridhia kwamba gari liuzwe, kwa kuwa hakuna katika nyumba ile aliyejua kuliendesha, na ada za shule zilikuwa zakaribia. Kwa hivyo gari nikalileta kwangu Kisauni, nikaliegesha uwanjani, kando ya chumba cha madrasa. Fahamuni, wasomaji wangu, kwamba thumni moja ya gari lile ilikuwa ya mjane, na thumni saba zilizobaki zilikuwa za mayatima. Mimi sikuwa na hata msumari mmoja ndani yake.

Nilitaka kulitunza. Uwanja wetu una vumbi, na upepo wa kaskazi huleta mchanga na chumvi ya bahari. Basi nikaamrisha kwamba kila Jumamosi, somo la asubuhi likiisha saa nne, wanafunzi wateke maji kisimani na kuliosha gari. Watoto walifurahi. Walimwaga maji ndoo baada ya ndoo, wakalisugua kwa sabuni ya kufulia, kisha wakaliacha likaushwe na jua.

Jumamosi ya kwanza kijana wa marehemu alikuwapo. Alinijia kwa adabu, akasema, "Ami, baba hakuwa akiliosha gari juani. Na hakuwa akitumia maji ya kisima."

Nilikuwa nina wageni. Nilimjibu, "Mwanangu, maji ni maji. Wacha wenzako wafanye kazi." Akanyamaza, akaenda kukaa kivulini.

Miezi minne ikapita hivyo. Gari lilipotiwa maji liling'aa, nami nikaridhika kwa mng'ao ule. Sikulikaribia kulitazama likiwa kavu.

Siku mnunuzi alipokuja, alilizunguka gari mara mbili kisha akasimama mbele ya boneti. Aliinama, akapitisha kidole. "Maalim," akasema, "hii rangi imeliwa." Nikatazama pamoja naye. Boneti nzima, paa, na kifuniko cha buti vilikuwa vimejaa madoa meupe ya mviringo, makubwa kama vifungo vya kanzu, kila moja likiwa na ukingo mzito kuliko katikati yake. Juu ya rangi nyeusi yalionekana kama ugonjwa wa ngozi. Akataka kupunguza shilingi 40,000 katika bei tuliyokuwa tumekubaliana. Kisha akaniuliza, "Nani aliyekuwa akiliosha?"

Hapo ndipo nilipoteleza. Nikasema, "Watoto, bwana. Watoto ndio waliokuwa wakiliosha."

Maneno hayo yalikuwa kweli kwa herufi zake na uongo kwa maana yake. Walioosha walikuwa watoto, lakini aliyeamrisha maji, saa na sabuni nilikuwa mimi. Na aliyenikanya alikuwa amesimama mlangoni mwa madrasa, akisikia, na mbele ya wenzake amehesabiwa miongoni mwa walioharibu gari la baba yake. Hakusema neno. Mnunuzi akaenda zake, akituomba tufikiri juu ya bei.

Usiku ule sikulala vizuri. Lakini hata hivyo, asubuhi yake sikuanza kwa kukiri. Nilianza kwa kutafuta kuficha. Nilichukua waya wa kusugulia sufuria, nikausugua upembe mmoja wa boneti kwa nguvu. Doa lilipungua, lakini mahali pake pakaachwa mikwaruzo mingi myembamba, mbaya kuliko doa lenyewe. Mke wangu alitoka akanikuta katika hali hiyo. Alitazama boneti, akatazama waya mkononi mwangu, akauliza, "Maalim, birika letu la chai walionaje ndani yake?"

Sikumwelewa. Akaniingiza jikoni akanionyesha. Ndani ya birika mlikuwa na ukoko mweupe kama chokaa. Akanionyesha mdomo wa mfereji wa bafuni, na kioo kinachorushiwa maji kila tunapotawadha: weupe ule ule, madoa yale yale. "Kila mwezi nalitia birika siki na maji, nachemsha kidogo, naacha, kisha namwaga," akasema. "Ukoko wote hutoka bila ya kukwangua. Ungeniuliza."

Akina mama mnaosoma hapa bila shaka mnatabasamu, kwani jambo hili mwalijua zamani. Mimi nimelisoma ukubwani, na nitalieleza kama nilivyolifahamu.

Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya ukanda wetu wa pwani vimekaa juu ya jiwe la matumbawe. Ndilo jiwe tulilojengea nyumba na misikiti yetu ya kale, na ndilo tulilokuwa tukilichoma tanuuni kupata chokaa. Mvua inaponyesha, maji hupita kwenye udongo yakachukua hewa ya ukaa, yakawa na ukali kidogo. Ukali huo, ingawa ni mdogo, huyeyusha jiwe la matumbawe taratibu. Maji tunayoyateka kisimani yana jiwe ndani yake, lililoyeyuka hata halionekani, na karibu na bahari huwa na chumvi pia. Hayo ndiyo maji magumu. Alama yake ni kwamba sabuni haifanyi povu upesi, na nguo nyeupe hupoteza weupe wake.

Tone la maji hayo likikaa juu ya boneti lenye moto wa jua, maji hupaa angani na jiwe hubaki. Jua lapaswa kulaumiwa pamoja na maji, kwa kuwa ndilo linaloyakausha kabla ya mtu kuyafuta. Tone hukaukia zaidi pembezoni, ndiyo sababu doa huwa na ukingo. Wiki ya pili tone jingine huja juu ya lile la kwanza. Sehemu ya juu kabisa ya rangi ya gari ni vanishi isiyo na rangi, na vanishi hiyo ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Mabaki hayo yakikaa muda mrefu juani, huishika vanishi, na mwisho huichimba.

Kwa hivyo madoa haya yana daraja tatu. Lililo jipya hutoka kwa kuosha vizuri tu. Lililoshika halitoki kwa sabuni, bali kwa kitu chenye ukali wa wastani kama siki, kwa kuwa siki huliyeyusha jiwe la chokaa kama ilivyoliyeyusha lile la birika. Na lililochimba halitoki kwa siki wala kwa kitu chochote cha kupaka, kwa sababu halikubaki doa tena, limekuwa shimo. Hilo huhitaji fundi wa rangi alipige polishi kwa mashine, yaani apunguze vanishi iliyolizunguka mpaka uso uwe sawa. Shimo likipita vanishi, hakuna dawa ila kupaka rangi upya.

Mke wangu alikwenda kumjulia hali mjane, akampelekea habari. Yule bibi hakuteta. Aliingia jikoni akatoa chupa ya siki nyeupe, akasema mpelekee shemeji, marehemu alikuwa akiniombea hii hii ninayotilia achari, mara moja moja, gari likirushiwa maji ya kisima na majirani. Chupa ile iliponifikia mkononi, nilihisi uzito wake kuliko uzito wa siki iliyomo. Sote twajua kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliisifu siki kuwa kitoweo chema. Siku ile nilijua kwamba nayo yaweza kumfunza mtu.

Alasiri ya siku hiyo nilimwita kijana wa ndugu yangu. Nilitaka kwanza kumwomba radhi, lakini nikaona haya, nikasema tu, "Njoo unionyeshe alivyokuwa akifanya baba yako." Alinitazama kidogo, kisha akakunja mikono ya shati. Na hivi ndivyo alivyonifunza, mtoto wa miaka 14 akimfunza mtu wa miaka zaidi ya 50.

Alingoja mpaka baada ya Swala ya Alasiri. Gari tulilisukuma kivulini, akaweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha limepoa, kwa kuwa siki ikikaukia juu ya bati la moto nayo huacha alama. Tulilimwagia kwanza maji baridi ya mvua yaliyokuwa katika tangi, ili mchanga wote uondoke, kwani mchanga ukisuguliwa huwa msasa. Kisha tukaliosha kwa sabuni laini ya magari na sifongo. Ile ya kufulia akaiweka kando.

Alichanganya siki na maji safi, kikombe kwa kikombe. Akaijaribu mahali pasipoonekana, chini ya mlango, akasubiri, akaona rangi haikudhurika. Akachovya kitambaa laini cha pamba, akakilaza juu ya madoa kwa muda wa dakika moja hivi bila kukiacha kikauke, akafuta polepole bila kukandamiza, akasuuza kwa maji mengi, akakausha kwa kitambaa kingine. Alifanya sehemu moja kwa wakati mmoja, hakulipaka gari zima. Madoa yaliyokaidi aliyarudia mara ya pili. Ya tatu akakataa. "Baba alisema kama halikutoka mara mbili, siyo kazi ya siki tena."

Hapa naomba niweke maonyo matatu kwa wenye nyumba. Siki msiichanganye kabisa na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa kuwa hewa itokayo humo ni sumu ya mapafu, na bafu zetu ni ndogo. Msiiache ikae juu ya marumaru, terazo au sakafu ya saruji, maana hivyo vyote vina chokaa, nayo itavila kama inavyokula ukoko wa birika. Na ndimu, ambayo jirani yangu alinishauri niipake na kuiacha juani, ni kali na husahaulika upesi. Ikikaukia juu ya rangi yaweza kuleta doa la pili juu ya la kwanza.

Jua lilipokaribia kuzama, zaidi ya nusu ya madoa yalikuwa yametoka. Yaliyobaki, ukipitisha ukucha, uliona umeteremka kidogo. Hayo yalikuwa yamekwisha kuchimba. Na upembe nilioukwaruza kwa waya ulikuwa pale pale, waonekana kuliko yote. Kijana aliupapasa, akaniuliza, "Na hapa, Ami, nani aliyefanya hivi?"

Swali lilikuwa lile lile la mnunuzi. Nikasema, "Ni mimi." Na ulimi ulipofunguka kwa hilo, ukafunguka kwa lililobaki. Nilimwambia kwamba maji ya kisima nilianza mimi, jua nilichagua mimi, na maneno yake niliyadharau mimi. Kwamba mbele ya mnunuzi niliwabebesha watoto mzigo wangu, na yeye alikuwapo akisikia. Nikamwomba anisamehe.

Aliendelea kukamua kitambaa. Baada ya muda akasema, "Wenzangu nao walisikia, Ami."

Hakuongeza neno. Lakini nilifahamu kwamba toba ya siri haitoshelezi kosa la hadharani pale ambapo heshima ya mtu imeguswa. Jumamosi iliyofuata, kabla ya somo, niliwaambia wanafunzi wote yale yale niliyomwambia yeye. Kuna mwanafunzi mdogo aliyeuliza kama mwalimu aweza kukosea. Nikamjibu kwamba ameona kwa macho yake.

Ikabaki haki ya mali. Katika mafundisho tuliyosomeshwa, mwenye kushika amana halipi kilichoharibika mkononi mwake madhali hakufanya uzembe wala hakuvuka mipaka. Mimi nilifanya yote mawili. Nilizembea kwa kutosikiliza, na nilivuka mipaka kwa ule waya. Na mali ya yatima katika Qur'ani haikutajwa kwa maneno mepesi; hata kuikaribia tumekatazwa, isipokuwa kwa njia iliyo bora zaidi. Fundi alilipiga polishi na kulipaka nta kwa shilingi 6,000, nikalipa mimi. Nilimrudia mnunuzi, nikamweleza aliyeharibu ni nani na kilichobaki ni kipi, nikamwonyesha upembe wenye mikwaruzo ambao polishi haikuumaliza. Alikubali kulinunua akipunguza shilingi 15,000 badala ya 40,000. Hizo 15,000 nikazitia kutoka mfukoni mwangu katika mali ya marehemu, ili mjane apate thumni yake kamili na watoto wapate zao. Kwa mwalimu wa madrasa, shilingi 21,000 ni fedha zenye kuhisika. Tulikaza mkanda miezi miwili, na mke wangu hakulalamika hata siku moja, Mwenyezi Mungu amlipe.

Tumefundishwa na Mtume wetu kwamba mja akitenda dhambi hutiwa nukta nyeusi moyoni, akijivua nayo na kutubia moyo husafishwa, na akirudia nukta huongezeka mpaka ikaufunika moyo wote. Nimelisomesha fundisho hilo miaka mingi. Kwa boneti lile nikafahamu kitu kimoja nilichokuwa nikikipita: kwamba muda una hukumu yake. Doa la wiki ya kwanza lingetoka kwa kitambaa chenye maji safi. La miezi minne lilitaka mashine na fedha. Na kama ningelingoja mwaka, lingetaka rangi mpya.

Kwa wenye magari na vyombo, nafupisha. Osheni asubuhi mapema au baada ya Alasiri, kivulini. Mkitumia maji ya kisima kwa kukosa mengine, suuzeni mwisho kwa ndoo moja ya maji ya mvua, na mfute gari likauke kwa kitambaa kabla jua halijalikausha. Pakeni nta kila baada ya miezi michache, maji yapate kuteleza. Wala msimwage maji ovyo. Mtume wetu alitosheka na maji machache hata katika udhu. Na ndani ya nyumba, msiuache ukoko ukazeeka.

Na kwa walezi wenzangu, hasa waliokabidhiwa watoto wa ndugu zao: mtoto wa marehemu hurithi zaidi ya mali. Hurithi na namna baba yake alivyokuwa akifanya mambo, na akikwambia "baba hakuwa akifanya hivi," msikilize kabla ya kumjibu. Kijana yule sasa hunijia kila Jumamosi. Gari halipo tena, lakini chupa ya siki iliyobaki aliomba aiweke yeye, na ameiweka juu ya rafu ya madrasa, karibu na juzuu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe makosa tuliyoyajua na tusiyoyajua, awalinde mayatima wetu, awape subira wajane wetu, na atuwezeshe kurudisha amana kwa wenyewe zikiwa salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.